Vifungo Vitano kwenye Chupa

Asubuhi ya siku ya sita mume wangu alinipigia simu kwa sauti ya chini, kama mtu anayejificha. "Vimekwisha," akasema. "Cha mwisho kakitoa jana usiku. Ameamka, amekwenda kukaa mlangoni."

Sikuuliza ni nini kilichokwisha. Kabla ya safari nilikaa na binti yetu sakafuni, mbele yetu chupa ya plastiki yenye mdomo mpana na vifungo vitano vya shati kutoka kwenye kopo langu la kushonea. Nikamwambia: kila usiku baba akikulaza, toa kifungo kimoja. Vikiisha, mama karudi. Alikuwa na miaka mitatu na miezi miwili, umri wa kulishika neno la mzazi kama lilivyo. Mpangilio wa kuvitoa aliuchagua mwenyewe, cha bluu kiwe cha mwisho, kwa sababu cha bluu ndicho cha mama. Sasa cha bluu kilikuwa kiganjani mwake na mimi bado niko ghalani, safari ya kutwa nzima kutoka nyumbani, nimekabiliwa na kuhesabu maboksi upya kwa kuwa hesabu ya kwanza haikulingana na vitabu.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Wiki nyingi niko ofisini, lakini kila baada ya miezi miwili hivi nasafiri kwenda kuhakiki mali kwenye maghala ya matawi. Kazi hiyo huisha hesabu inapokubali, wala haiangalii kalenda. Nilikuwa nimelijua hilo kwa miaka saba, na bado nikamwekea mtoto vifungo vitano.

Nayaandika haya kwa wazazi wa watoto wadogo ambao kazi huwatoa nyumbani, akina mama na akina baba. Kwa muda mrefu niliamini ugumu wote uko kwenye kuondoka. Huko ndiko nilikoelekeza akili yangu yote: nani atabaki na mtoto, atakula nini, nimuage vipi. Kurudi nilikuhesabu kuwa ni furaha tu, jambo linalojiendea lenyewe. Nimechukua safari nyingi kuona kwamba nilikuwa nimeyapanga mambo kinyume.

Safari ya kwanza baada ya likizo ya uzazi, mtoto alikuwa na miezi tisa. Watu wangu wa karibu walinishauri niondoke akiwa amelala, asione, asilie. Walinitakia mema. Nilimnyonyesha alfajiri, nikamlaza, nikatoka nimeshika viatu mkononi, nikaenda kuvivalia nje. Nilijiona nimefanya jambo la busara. Mume wangu ndiye aliyenisimulia kilichofuata. Mtoto alipoamka alitambaa chumba kwa chumba. Akafika bafuni, akashika pazia, akajiinua kwa kulishikilia, akalifunua. Akachungulia. Akaliachia, akalifunua tena. Hakulia. Alikaa chini pale pale kwenye vigae akitazama pazia, na baba yake anasema hajawahi kuona uso wa mtoto ukiwa na swali namna ile.

Niliporudi siku ya nne, usingizi wa mchana ulikuwa umekufa. Kwa wiki tatu nikimlaza alipigana na macho yake mwenyewe. Nikisimama tu kuchukua maji, ameshika sketi. Alikuwa amejifunza kwamba ukifumba macho, mama anatoweka, na mtu anayejua hivyo hawezi kukubali kulala.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba nilikuwa nimeondoka katika kipindi kigumu kuliko vyote. Mtoto mchanga sana asichokiona ni kama hakipo. Anapokaribia miezi minane anaanza kuelewa kwamba kitu kilichofichwa bado kipo mahali fulani, na hapo ndipo hofu ya kuachwa inapozaliwa: mama yupo, lakini yuko wapi? Hofu hiyo hupanda, hukaa juu kwa miezi kadhaa, mara nyingi hadi mtoto apite mwaka na nusu hivi, kisha hushuka pole pole kadiri lugha na kumbukumbu zinavyokua. Tarehe ya safari nisingeweza kuibadilisha, maana haikuwa mikononi mwangu. Namna ya kuondoka ndiyo ningeibadilisha.

Tangu hapo namuaga akiwa macho. Namuaga kwa maneno yale yale kila mara: mama anakwenda kazini, utakuwa na baba, mama atarudi. Namkumbatia mara moja, nafungua mlango, naenda. Sirudi dirishani. Analia, ndiyo, na kilio kile hunifuata mpaka kituoni. Lakini mume wangu hunitumia ujumbe baada ya dakika kumi, na mara zote umekuwa na maana ile ile: ametulia. Kulia kwa kuagwa kunakwisha. Kunitafuta nyuma ya pazia kulichukua wiki tatu.

Kuhusu maziwa nitasema kwa urefu kidogo, kwa sababu akina mama huniuliza hili kuliko lolote na huniuliza kwa kunong'ona. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 na zaidi. Maana yake, mama anayesafiri na mtoto wa miezi tisa bado ana kazi ya kukamua mchana na usiku. Siku ya kwanza ya safari ile niliona haya kuomba nafasi. Ghalani nilikuwa mwanamke peke yangu. Nilijikaza kuanzia asubuhi hadi jioni, na usiku ule matiti yalikuwa magumu kama mawe, yanawaka, mwili unatetemeka kwa homa. Hivyo ndivyo uvimbe wa matiti unavyoanza, na ukiachwa unaweza kufika pabaya, hadi kuhitaji dawa za hospitali. Isitoshe, titi linalokaa limejaa muda mrefu huuambia mwili kwamba maziwa hayahitajiki tena, na mwili hutii.

Kesho yake nilimfuata msimamizi wa ghala, mtu mzima wa makamo, nikamwambia bila kuzunguka: "Naomba chumba chenye komeo, dakika ishirini, mara tatu kwa siku. Nina mtoto anayenyonya." Akatoa ufunguo mfukoni. "Chukua ofisi yangu, mama," akasema, akaenda kukaa nje na makaratasi yake. Hakuuliza swali hata moja. Siku hizi hilo naliomba kabla sijafika, kwenye barua ile ile ninayoomba orodha ya mali.

Vipimo nilivyovishika ni hivi. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwenye joto la kawaida la chumba, nyuzi 25 au chini yake, kwa muda wa saa 4. Kwenye friji, siku 4. Kwenye friza ni vizuri yatumike ndani ya miezi 6. Yakishayeyuka hayagandishwi tena, na yale yanayobaki kwenye chupa mtoto akishakunywa humwagwa baada ya saa 2. Tuliyagandisha kwa vipimo vidogo, mililita 60 hadi 120, ili baba asilazimike kuyeyusha mengi na kuyatupa. Kila mfuko uliandikwa tarehe, wa zamani unatoka kwanza. Mume wangu alikuwa mkali kwenye hilo kuliko mimi.

Ila mara moja nilirudi na mifuko kumi na mmoja, basi likaharibika njiani, barafu ikaisha, na nilipofika nyumbani maziwa yalikuwa vuguvugu na sijui yamekaa hivyo tangu lini. Nilisimama kwenye sinki nikayamwaga, mfuko kwa mfuko. Mume wangu alikuja akasimama nyuma yangu bila kusema kitu, akawa anapokea mifuko mitupu.

Nirudi kwenye kurudi.

Mtoto akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili nilikwenda safari ya siku sita. Njia nzima ya kurudi niliuona mlango: nafungua, anakimbia, ananirukia. Nilifungua. Alikuwa mikononi mwa baba yake. Alinitazama vizuri, akageuka, akaufukia uso kwenye shingo ya baba. Nilipomnyooshea mikono alinisukuma. Niliingia chumbani nikafunga mlango, na nililia kilio ambacho sikuwahi kulia siku ya kuondoka. Niliamini nimempoteza, kwamba kazi imeshanitoza nisichokuwa tayari kukilipa.

Kilichoniokoa ni kusoma juu ya mwanasaikolojia Mary Ainsworth. Mwaka 1954 alikwenda Uganda, akawa anatembelea nyumba kwa nyumba katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akiangalia watoto wachanga na mama zao katika maisha yao ya kila siku. Baadaye, huko Baltimore nchini Marekani, alitengeneza njia ya kumwangalia mtoto wa mwaka mmoja hivi: mama anatoka chumbani kwa dakika chache, kisha anarudi. Kilichonigusa ni mahali walipokazia macho. Kilio cha mama akitoka hakikuwa na uzito kama kile ambacho mtoto anakifanya mama akiingia tena. Wapo waliomwendea na kutulia. Wapo waliogeuza uso kana kwamba hakuna aliyeingia. Wapo waliotaka kubebwa huku wakisukuma. Mtazamo wote ulikuwa kwenye kurudi.

Sikuitumia elimu hiyo kumpima mtoto wangu. Njia ile ni ya wataalamu, na inahusu dakika, si siku sita. Lakini ilinifundisha kutazama. Mtoto aliyeachwa siku kadhaa akigeuza uso, hajakusahau. Asiyekujua angekushangaa tu. Huyu anakujua, ameumia, na bado hajaamua kama ni salama kukurudia. Anahitaji muda wa kuamua, na mimi nilikuwa namnyima muda huo kwa kumnyooshea mikono.

Kwa hiyo siku hizi naingia kimya kimya. Navua viatu, naosha mikono, nakaa sakafuni karibu na mlango, mgongo ukutani. Naongea na mume wangu habari za njiani, kwa sauti ya kawaida. Simwiti mtoto. Simkodolei macho. Safari moja alikaa upande wa pili wa chumba na midoli yake muda mrefu, nadhani dakika arobaini, akinipa mgongo. Kisha akasogea kidogo. Kisha tena kidogo. Mara nikahisi kitu kwenye mguu: amenyoosha mkono, anagusa kidole changu kidogo cha mguu kwa ncha ya kidole chake, huku anatazama pembeni. Nilijizuia nisimnyakue. Akagusa cha pili. Alipofika kidole gumba alipanda mapajani, akalala usingizi.

Zawadi niliziacha. Mwanzoni nilirudi na kitu kila safari, na nilifurahi kumwona akikimbia, mpaka nilipogundua anakimbilia begi. Safari ya nne alilifungua begi kabla hajanitazama usoni. Tangu siku hiyo begi linabaki limefungwa hadi kesho yake, na ndani hamna kitu chake isipokuwa nguo zangu chafu, ambazo kwa ajabu anapenda kuzitoa moja moja na kuzinusa.

Kurudi kulikuwa na upande mwingine ambao sikuuona kwa muda mrefu, nao ni upande wa aliyebaki. Nilikuwa nikiingia tu naanza: mbona nguo hizi ziko hapa, dawa kapewa saa ngapi, kwa nini anaoga kabla ya kula. Jioni moja mume wangu aliweka kikombe mezani taratibu, akasema, "Mke wangu, siku tano nimekuwa mama na baba. Usinikague." Aliniambia bila hasira, na ndiyo maana iliniingia. Alikuwa na haki. Katika siku zile tano alikuwa ametengeneza ratiba yake, na ratiba ilikuwa inafanya kazi: kuoga kabla ya kula kulimtuliza mtoto, chakula kikaenda bila vita. Mimi nilikuja kuvunja kitu kizima. Tukakubaliana kwamba siku nzima ya kwanza nafuata mpangilio wake kama mgeni anavyofuata wa mwenyeji, na jioni ya kwanza ni yake, alale, atembee, afanye apendalo. Mimi nimetoka kwenye kuhesabu maboksi. Yeye ametoka kwenye siku tano za kutokuwa na dakika moja ya peke yake.

Kitu kimoja tu naacha kimeandikwa kabla ya safari, kimebandikwa ndani ya mlango wa kabati: uzito wa mtoto wa mwezi huo, maana kipimo cha dawa ya homa hufuata uzito, pamoja na namba za kupiga. Na mstari mmoja unaotukumbusha sote cha kutazama zaidi ya kipimajoto: anakunywa, anakojoa, anaamka vizuri? Kwa mtoto aliye chini ya miezi mitatu mstari ungekuwa mwingine, nyuzi 38 ni kwenda hospitali papo hapo bila kusubiri.

Simu tulizipatia baada ya kukosea. Nilikuwa napiga jioni, karibu na kulala, nikidhani namtakia usiku mwema. Nilikuwa namfungulia kidonda mtu aliyechoka. Tukahamishia asubuhi, akiwa ameshiba na ana nguvu. Niliwahi kuhofia suala la mtoto kutazama kioo cha simu au televisheni, kwa sababu Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, muda ukiwa mfupi zaidi ni bora. Lakini madaktari wa watoto wa Marekani katika ushauri wao wa mwaka 2016 waliitenga simu ya video na mtu wa familia, hata kwa walio chini ya miezi 18, kwa kuwa kule kuna mtu anayejibu. Hilo linakubaliana na nilichokiona. Mtoto haongei na kioo, anaongea na mimi, ilimradi nami nisiwe mkaguzi. Maswali ya umekula, umelala, umeoga humfukuza. Tukichora, yeye kwake mimi kwangu, hukaa.

Siku moja akiwa na miaka miwili na nusu aliibeba simu, sura yangu ikiwa ndani, akaniweka kwenye sanduku la viatu. Akanifunika kitambaa. "Mama alale," akasema. Giza likaingia kwenye kioo changu. Nilisikia hatua zake zikienda, mlango wa friji, sauti ya baba yake akiuliza simu iko wapi, na yeye akimjibu kwa kunong'ona, "Shh, mama kalala." Nilikuwa kwenye chumba cha wageni, nimevaa tayari, wenzangu wananisubiri chini. Sikukata. Nilikaa kitandani nikiisikiliza nyumba yangu mpaka mtu akagonga mlango.

Sasa ile asubuhi ya vifungo. Wazo langu la kwanza lilikuwa la haraka: "Ongeza viwili kwenye chupa." Mume wangu akakataa. "Ukiongeza leo, kesho hata mia havitakuwa na maana." Akampelekea simu pale mlangoni. Nilimwambia ukweli, kwa maneno machache niliyoweza kuyapata. "Mama alikosea kuhesabu. Hukukosea wewe. Zimebaki siku mbili."

Akauinua mkono mpaka kioo chote kikawa kifungo cha bluu. "Hiki hapa," akasema, kama mtu anayetoa risiti. "Rudi."

"Siwezi leo, mwanangu."

Aliiweka simu chini, uso chini. Nilibaki naona kiza. Usiku ule alikataa kitanda, akalala sakafuni karibu na mlango, na baba yake akatandika akalala pembeni yake. Nilifika baada ya siku mbili, kama nilivyosema safari hii. Alinipa kile kifungo bila neno, akaenda kucheza. Hakuja mapajani siku ile wala siku iliyofuata.

Chupa hatukuitupa. Tuliigeuza. Siku hizi inaanza tupu, na kila usiku nisiokuwepo yeye anatia kifungo kimoja, chochote anachotaka. Hakuna idadi iliyoahidiwa. Naweza kumwambia nadhani nitarudi kabla ya mwisho wa wiki, na baba yake humpa siku kamili pale tu ninapokuwa nimeshakaa kwenye basi. Nikirudi, anamimina vyote kiganjani mwangu, tunavihesabu pamoja, na ananieleza kila kimoja: hiki baba aliunguza chakula, hiki mvua ilipiga dirisha, hiki nililia. Hivyo usiku ambao sikuwepo unapata kunifikia. Mimi ndiye niliyekuwa naona ni lazima mtoto ajue siku nitakayorudi. Yeye alitaka zaidi nijue siku zilizopita.

Matembezi nayo yalinichukua muda. Hatia ya safari ilinifanya nipange mambo makubwa. Jumamosi moja, siku moja baada ya kurudi, niliwaamsha alfajiri kwenda ufukweni, saa tatu za gari. Nikamwekea mtoto kitabu cha picha kiti cha nyuma asichoke. Kabla ya nusu ya njia alikuwa ametapika kitabu, kiti na nguo. Kichefuchefu cha gari huwasumbua sana watoto kuanzia miaka miwili hadi kumi na miwili: sikio la ndani linasema tunakwenda, macho yaliyo kwenye kitabu yanasema tumekaa, na tumbo ndilo linalolipa. Dawa rahisi ni kutazama mbali nje ya dirisha, hewa safi, kusimama mara kwa mara. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume cha vyote. Tulirudi tumenuniana, na mtoto aliyekosa usingizi wa mchana alilia hadi usiku. Mume wangu, aliyekuwa na siku tano za uchovu mgongoni, aliniuliza swali moja tu: "Hii safari ilikuwa ya nani?"

Sasa siku mbili za kwanza hatuendi popote. Siku ya tatu tunatoka, karibu, saa moja na nusu, baada ya usingizi wake wa mchana, na yeye ndiye anayechagua. Mara nyingi ni kitu ambacho mtu mzima asingekiita matembezi. Tumewahi kumaliza muda wote tukiwatazama sisimizi wakivuta bawa la nzi kupanda ukuta, likianguka, wakalifuata tena chini. Tumekwenda darajani kungoja treni.

Mwezi uliopita alichagua kituo cha mabasi. Nilisita, nikidhani patamkumbusha kuachwa. "Kule mama anakokwenda," alisisitiza, ikabidi twende. Tulikaa kwenye benchi, yeye katikati yetu. Basi la kwanza lilipoondoka alilitazama mpaka likapotea, hakusema kitu. Kisha moja likaingia likirudi nyuma, linalia mlio wake wa tahadhari, likasimama. Mlango ukafunguka. Akasimama juu ya benchi, akanishika bega. Alishuka mzee, wakashuka vijana wawili, akashuka mwanamke mwenye begi dogo na kitambaa kilichokunjamana, anatafuta kitu kwa macho.

"Yule mama wa nani?" akauliza.

"Wa mtu fulani," baba yake akamjibu.

Akamfuata yule mwanamke kwa macho hadi getini. "Asikimbie," akasema. "Akifika akae chini kwanza."

Basi lingine lilikuwa linaingia, akageuka kulitazama.